Ombi la Kuchimbiwa Mashimo Katika Barabara ya Mtihani

Jumatano, asubuhi

Kwa Mhandisi wa Barabara wa Wilaya,
Ofisi ya Ujenzi, ghorofa ya pili, mlango unaotazamana na ngazi.

Ndugu Mhandisi,

KUHUSU: KUKOSEKANA KWA MASHIMO KATIKA BARABARA YA MTIHANI WA UDEREVA

Natumaini barua hii imekufikia ikiwa imenyooka. Kama bahasha ina mikunjo, nakuomba usimlaumu tarishi. Amepita kwetu kabla ya kufika kwako, na mtu akipita kwetu hafiki popote akiwa kama alivyoondoka.

Mimi ni mwalimu wa udereva katika mji huu mdogo ulio pembezoni mwa mji wenu mkubwa. Shule yangu ina mwalimu mmoja, ubao mmoja na gari moja. Gari tunaliita Bibi, kwa sababu asubuhi hukohoa kabla ya kuamka, na akishaamka hapendi kuharakishwa. Ana breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yangu. Kazi hii naifanya tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na si kawaida yangu kulalamika. Kila jioni naandika shajara, na jana nimeipitia ya mwaka mzima kuhakikisha: nimelalamika mara chache sana, na karibu zote zilikuhusu wewe.

Leo ni siku ya mtihani wa tatu na wa mwisho wa mdogo wake mke wangu, ambaye hapa nyumbani namwita Shemeji, naye ananiita Shemeji, na hatujawahi kuchanganyana. Ameondoka na Bibi saa moja, mke wangu akiwa kiti cha nyuma. Kwa kawaida kiti hicho ni changu. Mwenye gari la mafunzo anaruhusiwa kukaa nyuma wakati wa mtihani, ili mradi asitamke neno. Lakini jana jioni Shemeji alinimiminia chai, akaniwekea karatasi na kalamu mezani, akasema:

"Shemeji, ile barua yako ya mhandisi utaiandika lini?"

"Tukirudi kesho."

"Tukirudi itakuwa imechelewa. Baki uandike. Wakubwa wakiisoma mapema ndiyo msaada wangu huo."

Nilimwona ana akili nyingi. Mke wangu naye, ambaye leseni yake aliipata kabla hatujajuana, akasema haraka sana kwamba atamsindikiza yeye, nisijisumbue. Ndiyo maana niko hapa sebuleni, nimefungua dirisha ili niwasikie wakirudi, na wewe una bahati ya kupata barua iliyoandikwa kwa utulivu.

Kabla sijafika kwenye malalamiko, ujue kilicho hatarini. Shemeji anafua mashuka katika zahanati yetu. Dereva wa gari la wagonjwa anastaafu, maana macho yake yamefika mahali ambapo kibao cha "Simama" hukisoma akiwa amekwisha kukipita. Muuguzi Mkuu anampenda Shemeji kwa sababu wagonjwa wanampenda, na wagonjwa wanampenda kwa sababu anajua majina ya watoto wao. Alimwita wiki iliyopita, akazitikisa funguo mbele yake. "Niletee leseni Ijumaa, hizi zako," alimwambia. "Usipoleta, Jumatatu namchukua mkwe wa diwani. Na mwanangu, wewe unajua yule anavyoendesha." Mji mzima unajua. Mkono mmoja uko kwenye usukani na mwingine uko kwenye simu, na akichekeshwa na simu huondoa wote wawili. Na anayeshindwa mtihani mara tatu, kwa kanuni zenu, husubiri mpaka mwaka ujao.

Kwa hiyo, Ndugu Mhandisi, huu si mzaha. Ama Shemeji apate leseni leo, ama kuanzia Jumatatu mgonjwa wa mji huu aombe asiumwe sana.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba barabara ya mtihani haina shimo hata moja.

Nimeikagua mwenyewe kwa miguu. Kutoka ofisi ya leseni hadi posta, kutoka posta hadi sokoni, na kurudi, lami ni nyororo kama sahani. Sijui kama ofisi yako inafahamu jambo hili. Mwanafunzi wa kwetu atapimwaje uwezo wake mahali ambapo hakuna cha kuweza?

Kwetu somo la kwanza si usukani. Somo la kwanza ni mashimo, kwa majina yao. Barabara kuu inaanza na Mapacha, ambayo ni mawili na yanafanana. Halafu kuna Mkwe, ambalo halikaribiwi kwa kasi na unapita kando kwa heshima. Mbele yake kuna Ahadi, lililojazwa changarawe wiki ya uchaguzi na likafunguka tena wiki iliyofuata. Na penye kona ya duka la mikate kuna Mkunga. Linaitwa hivyo kwa sababu mama mjamzito akipitishwa hapo kwenda zahanati, mara nyingi hafiki zahanati akiwa bado mjamzito.

Mimi nina mbinu yangu ya kufundisha, ambayo nisingependa walimu wengine waijue. Nikiwa pembeni ya mwanafunzi, kila shimo nalitangaza kwa mwili wangu kabla hatujalifikia. La kushoto nainama kulia, la kulia nainama kushoto. La katikati navuta pumzi. Penye Mkunga nashika kiti. Baada ya mwezi mmoja mwanafunzi mzuri ananisoma kama gazeti, na wala hahitaji kutazama barabara. Ndiyo maana kioo cha ndani cha Bibi nimekigeuza kidogo, ili hata nikiwa nyuma mwanafunzi apate kuniona.

Sasa sikiliza yaliyotokea katika mtihani wa kwanza. Mbele alikaa mtahini wenu, ambaye wanafunzi wanamwita Bwana Kalamu, kwa sababu kila kosa analibonyezea kalamu yake, ta! Mimi nyuma nilikaa kimya kama kanuni inavyotaka. Sikutamka neno. Tulipofika posta, umbali ambao kwetu ungekuwa umekutana na Mapacha, niliinama kidogo kushoto, maana mtu hawezi kukaa kama mti. Shemeji akakata kushoto mpaka tairi ikapanda ukingo wa njia ya waenda kwa miguu na mwuza magazeti akakumbatia magazeti yake.

"Unakwepa nini?" aliuliza Bwana Kalamu.

"Shimo."

"Liko wapi?"

Shemeji ni mtu mkweli. Aliitazama barabara, akaitazama tena. "Halipo," alisema. "Lakini kwetu lingekuwepo."

Ta!

2. Kwamba kivuko chenu cha waenda kwa miguu kinafika ng'ambo.

Kwetu mistari myeupe ya kivuko inaanza vizuri mbele ya shule na kuishia kwenye ukuta wa ghala la mbao. Mlango wa ghala uko upande wa pili. Kwa hiyo mtu wa kwetu akivuka, hufika ukutani, huugusa kidogo kama mtu anayethibitisha habari, kisha hurudi alikotoka. Dereva mwenye adabu humsubiri safari zote mbili. Hilo nimewafundisha wanafunzi wangu kwa ukali, kwa sababu wengi wa wanaorudi ni wazee.

Katika mtihani huo huo wa kwanza, mzee mmoja alivuka mbele yetu akiwa na mfuko wa viazi. Shemeji alisimama vizuri kabisa. Mzee akafika ng'ambo. Shemeji akasubiri arudi. Nyuma yetu magari yakaanza kupiga honi, na Bwana Kalamu akauliza kuna nini tena. "Namsubiri mzee," alisema Shemeji. Mzee alikuwa ameshaingia nyumbani kwake na, kwa ninavyojua mimi, ameshaweka viazi jikoni.

Ta! Na hapo mtihani wa kwanza ukaisha.

3. Kwamba taa zenu za barabarani zinapokezana.

Za kwetu ni nne, moja kwa kila njia, na zinaheshimiana. Zote huwa kijani kwa pamoja, na zote huwa nyekundu kwa pamoja. Fundi aliyezifunga alikwenda zake siku hiyo hiyo na hajaonekana. Kwa hiyo kwetu kijani ndiyo rangi ya hatari. Hakuna anayethubutu kusogea. Tunasubiri nyekundu, wote tukiwa tumesimama salama, ndipo tunapanga kwa mikono: mwenye mgonjwa atangulie, afuate wa mikate kabla haijapoa, kisha wa mayai polepole, na wa mwisho mwalimu wa udereva, kwa kuwa yeye hana haraka. Ni utaratibu mzuri. Pale watu wamejuliana hali, na harusi moja ninayoifahamu ilianzia pale.

Katika mtihani wa pili, Shemeji alifika kwenye taa zenu zikiwa kijani. Mimi nyuma nikavuta pumzi. Akafunga breki. Taa zikawa nyekundu, akaondoka, huku akimpungia trafiki mkono kwa heshima zote. Trafiki naye, kwa mshangao, akampungia. Nadhani huo ni ushahidi kwamba utaratibu wetu unaeleweka hata na mgeni.

(Samahani kwa doa hili la chai. Nimesikia gari nikainuka. Si Bibi, ni wa mitungi ya gesi. Jirani yangu, mshona viatu, ameniuliza kutoka barazani kwake, "Mwalimu, wamerudi?" Nikamwambia bado. Akasema, "Leo umebaki? Basi leo anapita!" Sikumwelewa, na tunaendelea.)

4. Kwamba mzunguko wenu ni mzima.

Mzunguko wa kwetu ulijengwa na watu wa barabara Jumatatu, na nguzo ya umeme ikasimikwa na watu wa umeme Jumanne, katikati ya njia ya kuzungukia, kwa sababu hakuna aliyewaambia wenzake. Kwa hiyo sisi huzunguka robo tatu, tukaiona nguzo, tukasimama, tukaweka gia ya kurudi nyuma, tukatoka tulikoingilia. Kufundisha jambo hili kunachukua wiki mbili. Mwenye duka la mikate, ambaye madirisha yake yanatazama pale, hunitania: "Mwalimu, mwonee huruma Bibi, mikate yangu imeshikwa na kizunguzungu." Lakini Shemeji alilijua somo hili katika siku moja. Kurudi nyuma kwake ni kuzuri ajabu, shingo imegeuka, vioo vyote vinatazamwa.

Kwenye mzunguko wenu alifika robo tatu. Kweli, mimi nilikuwa nimeshika kiti cha mbele, lakini mtu akizungushwa lazima ashike kitu. Akasimama. Akaweka gia ya kurudi nyuma. Nyuma yetu kulikuwa na lori la soda, na dereva wake akatoa kichwa nje:

"Dada yangu, umesahau nini huko?"

"Nguzo!" alijibu Shemeji.

"Nguzo umeiacha nyumbani?"

Watu walicheka mpaka sokoni. Bwana Kalamu hakubonyeza kalamu tena. Aliifunga, akaiweka mfukoni. Mtihani wa pili ulikwisha tukiwa tumegeuza shingo, tumeangaliana na lori. Tulipofika nyumbani Shemeji alikwenda moja kwa moja kwenye beseni la mashuka ya zahanati aliyokuwa ameyaleta, akayasugua yaliyokuwa safi tayari. Nilisimama mlangoni nikamwambia kosa si lake, kosa ni la mhandisi. Akasema, "Ndiyo, Shemeji," bila kuinua kichwa.

5. Kwamba mna matuta juu ya barabara.

Letu liko ndani ya shimo. Ukilipanda ndipo unafika usawa wa lami. Sina la kuongeza hapa.

6. Kwamba mtahini wenu hajafunzwa.

Katika ripoti ya mtihani wa pili Bwana Kalamu ameandika kwamba mtahiniwa "anaendesha kama anayefukuzwa na nyuki." Mtu aliyesoma mashimo angeona kwamba ile ilikuwa njia kamili ya kwetu, kutoka Mapacha hadi Mkunga, imeendeshwa bila kosa hata moja, ila mahali pasipo pake. Ni kama kumnyima alama mwanafunzi aliyejibu sawasawa maswali ya mwaka jana.

7. Kwamba watu wameanza kusema kosa ni la mwalimu.

Hili nalitaja kwa ajili ya ukamilifu tu. Wiki iliyopita mwenye duka la mikate aliniuliza, mbele ya wateja, kwa nini wanafunzi wangu hata wakitembea kwa miguu wanakwepa. Nilimjibu kwamba hiyo ni alama ya mafunzo mazuri. Mke wangu naye aliwahi kusema, akiwa anakunja nguo na bila mtu kumwuliza, "Labda ungejaribu kukaa wima." Ndugu Mhandisi, mimi nimekaa wima maisha yangu yote. Ni barabara ndiyo iliyopinda.

Baada ya kueleza hayo, naleta maombi yangu. Utaona si makubwa.

Siombi barabara zetu zitengenezwe. Hilo tuliomba zamani, tukaletewa kibao kinachosema "Barabara Inatengenezwa", na sasa gari la mitungi ya gesi limekigonga kikaanguka ndani ya Ahadi, ambako kinasaidia kidogo. Ninachoomba ni usawa. Wilaya ni moja, mhandisi ni mmoja, kwa nini mashimo yote yawe upande mmoja? Naomba mchimbe machache tu katika barabara ya mtihani. Mapacha yakae karibu na posta, Mkwe mbele ya benki, na kitu chochote cha kadiri penye kona ya soko. Mkunga siombi. Najua ni ghali.

Kama ofisi yako haina watu wa kuchimba, sisi tunaye fundi bomba ambaye kazi yake inajulikana. Akishachimba, limechimbwa, hajawahi kurudi kufukia hata moja. Yuko tayari kuja kwenu kwa nauli tu, na atamaliza kabla karani wako hajauliza kibali.

Mzunguko wenu pia naomba usimikwe nguzo. Haihitaji kuwa na umeme. Taa zizimwe akili kidogo, ziwe kijani zote. Kivuko kijengewe ukuta mwishoni. Hata wa mabati unatosha, ili mradi mzee akifika apate cha kugusa.

Bwana Kalamu naye ahamishiwe kwetu wiki moja kwa mafunzo. Atakaa kwa mshona viatu, ambaye ana chumba, na kila asubuhi nitampitisha njia nzima mpaka ajue majina. Akipita penye Mkunga bila kupiga kelele nitampa cheti.

Na mpaka haya yatakapotekelezwa, naona ni haki leseni zote zilizopatikana kwenye lami nyororo zihesabiwe kuwa za muda. Nasema hivi bila kukuvunjia heshima, nikijua kwamba na ya kwako imo. Ukipenda, njoo Jumamosi yoyote. Mhandisi nitamfundisha bure. Na ikiwa ni vigumu kuamua pa kuanzia kuchimba, nashauri shimo la kwanza liwe mbele ya lango la ofisi yako, ili upate kulisimamia kwa karibu, na asubuhi ukitoka nyumbani ujue unakwenda kazini.

Ninakuomba ulishughulikie jambo hili leo hii, kama si kwa ajili yangu basi kwa ajili ya mwanamke mmoja ambaye wakati huu, nikitazama saa ya ukutani, yuko karibu na posta, mikono yote miwili kwenye usukani, akitafuta shimo ambalo hamkumwekea.

Nisalimie karani wako anayenung'unika na yule asiyenung'unika. Nisalimie mlinzi wa getini, ambaye huniambia kila mara kwamba umetoka sasa hivi. Nisalimie dereva wa greda, mwambie tunamkumbuka, alikuwa anakuja. Familia yako pia, wakubwa kwa wadogo, na wote wanaopita barabara zako wakafika.

Wako katika kuinama kushoto na kulia,

Mwalimu wa Udereva
(mwenye Bibi)

Nakala:
Bwana Kalamu, ofisi ya leseni.
Muuguzi Mkuu, zahanati. Mama, tafadhali zishike funguo mpaka Ijumaa jioni, usiseme Ijumaa asubuhi.
Diwani. Mheshimiwa, matuta ya mbele ya nyumba yako ni mazuri sana, sikuyataja.

Tanbihi: Nilikuwa nalamba bahasha nikasikia kikohozi cha Bibi. Nimefungua tena barua, na ndiyo sababu ya gundi hii.

Amepita.

Nilipotoka nje mshona viatu alikuwa ameshaacha kiatu cha mtu na anacheza barazani. Shemeji alishuka na karatasi yenye muhuri, akaniangukia mabegani, akalia, akacheka, akaenda zahanati mbio kwa miguu akiwa na gari mlangoni, na nilivyomtazama mpaka kona ya duka la mikate, hakukwepa kitu.

Kwa hiyo nilijua ofisi yako ilikuwa imeshanielewa kabla ya kunisoma, nikamwuliza mke wangu mmechimba mangapi. Akasema hata moja. Barabara ni ile ile, nyororo. Mzunguko ni mzima, na Shemeji aliuzunguka wote akatokea upande wa pili, akashangaa kidogo kwamba una upande wa pili. Kwenye kijani alikwenda, kwenye nyekundu alisimama. Bwana Kalamu ni yule yule, na kalamu haikulia. Nikauliza basi nini kilibadilika. Mke wangu akasema yeye hawezi kujua, kwa kuwa alilala njia nzima kiti cha nyuma. Anachokumbuka ni kwamba Shemeji alipoingia tu garini alikigeuza kile kioo cha ndani kikaonyesha barabara, akasema, "Kumbe huwa iko hapa!"

Nimelitafakari jambo hilo tangu saa nne, na sijafikia uamuzi.

Hata hivyo, kwa kuwa mimi ni mtu wa utaratibu, nakuomba ufute lalamiko la 1, la 2, la 3, la 4 na la 6. Kama fundi bomba ameshafika, mrudishe kabla hajatoa sururu. Lalamiko la 5 liache, lile tuta ni kweli. La 7 nimelifuta mwenyewe kwa wino, utaona.

Barua naituma hivyo hivyo, maana mke wangu anasema hakuna barua iliyowahi kuandikwa katika nyumba hii ikaleta faida kubwa kama hii. Ameshaniwekea karatasi nyingine mezani, na chai, na anauliza kama hakuna tena mtu wa kumlalamikia Jumamosi. Siku hiyo Shemeji atampeleka kwa mama yao, na kiti cha nyuma, anasema, kimejaa, kwa sababu yeye hulala amejinyoosha.